Kupunguza Mkaa, Maji na Taka katika Nyumba ya Kupanga: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi chumba na sebule cha kupanga Dar es Salaam, Tanga, Morogoro au mji mwingine unaofanana na hiyo, anayepikia mkaa kibarazani au uani pamoja na wapangaji wenzake, na ambaye hana ruhusa ya kutoboa ukuta wala kufunga kitu cha kudumu juu ya paa. Nimemchagua mtu huyo kwa makusudi. Maelezo mengi kuhusu maisha yanayotunza mazingira huanza na mitambo ya umeme wa jua, matangi makubwa na vyombo vipya, yaani huanza na kununua, ilhali mpangaji anaweza kupunguza sehemu kubwa ya mzigo wa nyumba yake kwa vitu ambavyo tayari anavyo. Katika nyumba nyingi za mjini mzigo huo uko jikoni kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana jiko limepewa nafasi kubwa zaidi hapa chini.

Hatua ya kwanza: Hesabu kwa wiki moja kabla ya kubadili chochote

Tafuta daftari dogo na kalamu, uviweke karibu na jiko. Kwa siku 7, andika mkaa uliotumika, ndoo za maji zilizotumika, na taka zilizotoka. Mkaa upimwe kwa chombo kilekile kila siku, kiwe kisado au kopo, na kama mwenye genge la jirani ana mizani, mwombe akupimie chombo hicho mara moja kikiwa kimejaa ili ujue ni kilo ngapi. Maji yahesabiwe kwa ndoo ya lita 20. Taka zitenganishwe katika mafungu mawili, zinazooza na zisizooza, na kila fungu lihesabiwe kwa ndoo au kiroba linamotiwa. Pembeni ya kila siku andika kilichopikwa.

Usimfiche mtu yeyote nyumbani kwamba mnahesabu. Mweleze mwenzako, waeleze watoto, na kama kuna dada anayesaidia kazi, mpe yeye daftari, kwa kuwa ndiye anayejua kiasi halisi cha mkaa kinachoingia jikoni saa 11 alfajiri wakati wengine wamelala. Nimeona mara nyingi kwamba mtu anayenunua mkaa hukadiria nusu tu ya kiasi anachokitaja mtu anayeuwasha.

Wiki ikiisha, soma daftari bila kumlaumu mtu. Karibu kila mara siku za maharage, makande na supu ya mifupa zitakuwa zimekula mkaa mara mbili au tatu ya siku za wali na mboga za majani. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya pili: Hakikisha moto unaingia kwenye sufuria

Mkaa unaouzwa Dar es Salaam hutoka zaidi katika misitu ya mikoa ya Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi, na huchomwa katika matanuri ya kienyeji yaliyofunikwa kwa udongo, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti hata kabla gunia halijapakiwa. Kilo 1 ya mkaa wa tanuri la namna hiyo huwa imegharimu takriban kilo 6 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo kila kilo unayoiokoa jikoni inaokoa mti mara kadhaa ya uzito wake, na hakuna jambo jingine dogo nyumbani lenye faida kubwa kiasi hicho.

Anza na jiko lenyewe. Jiko la bati tupu hupoteza joto kila upande, na unaweza kulithibitisha kwa kusogeza mkono karibu nalo: miguu inaungua huku sufuria ikiwa bado inasuasua. Jiko banifu, lile lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, huhifadhi joto hilo na hupunguza mkaa kwa robo hadi nusu, kutegemea ubora wake na namna linavyotumiwa. Unapolinunua, gonga udongo wake kwa kidole na usikilize. Udongo uliochomwa vizuri hulia kama chungu kizima, na wenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Angalia pia kwamba dirisha la chini linafungika, kwa sababu dirisha hilo ndilo usukani wa moto. Liache wazi wakati wa kuwasha na wakati wa kuchemsha, kisha lifunge karibu lote mara chakula kinapoanza kutokota.

Sababu ya kulifunga ni hii. Maji yakishachemka kwenye mji wa pwani hufika nyuzi 100 za sentigredi na hayapandi zaidi ya hapo, hata uongeze mkaa kiasi gani. Chakula kinachotokota taratibu na chakula kinachofoka kwa kishindo vinaiva kwa joto lilelile. Tofauti iliyopo ni mvuke unaopotea, na mvuke ni ghali mno: moto unaohitajika kuikausha lita 1 ya maji yanayochemka hadi yaishe kabisa ni takriban mara 7 ya moto uliohitajika kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka. Mtu anayepika maharage bila mfuniko, akiongeza maji kila mara yanapokauka, anatumia sehemu kubwa ya mkaa wake kupasha joto hewa ya uani. Funika sufuria. Kama mfuniko umepotea, tumia sinia linaloenea, na uweke juu yake kijiwe safi au sufuria ndogo yenye maji ya kuoshea vyombo, ambayo yatapata joto bure.

Maharage yalowekwe usiku kucha, au kwa muda usiopungua saa 8, na maji ya kulowekea yamwagwe kabla ya kupika. Mahindi ya makande yalowekwe vivyo hivyo. Jambo hili kila mtu analijua na wachache wanalifanya, kwa sababu uamuzi wa kupika maharage hufanywa asubuhi ilhali kuloweka kunadai uamuzi wa jana jioni. Dawa yake ni kupanga siku. Chagua siku mbili za maharage katika wiki, kwa mfano Jumanne na Jumamosi, ili jioni iliyotangulia mtu yeyote aliye nyumbani ajue kwamba kuna kitu cha kulowekwa.

Panga pia mfuatano wa sufuria. Moto ukiwa mkali uchemshe kinachohitaji moto mkali, kisha kifuate kinachohitaji moto wa wastani, na makaa yanayofifia yapashe maji ya kuogea au ya chai ya kwenye chupa. Ukimaliza, usimwagie makaa maji, kwa kuwa maji hupasua udongo wa jiko na mkaa uliolowa huwaka kwa shida siku ya pili. Yachote kwa koleo uyatie katika debe la bati lenye mfuniko unaobana. Yatazimika yenyewe kwa kukosa hewa, na kesho yatashika moto haraka kuliko mkaa mpya.

Chenga zinazobaki chini ya gunia zisitupwe. Zisage ziwe unga, pika uji mzito wa unga wa muhogo, changanya mpaka mchanganyiko ushikamane unapoubana kwenye ngumi, finyanga madonge ya ukubwa wa yai, na uyaanike juani kwa siku 3 au 4. Hayawaki kwa nguvu kama mkaa mzima, lakini kwa kitu kinachotaka moto mdogo wa muda mrefu yanafaa sana.

Onyo moja halina mjadala: usiingize jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni usiku wa mvua na hata kama mkaa hautoi moshi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya tatu: Tengeneza kapu la kuivishia

Katika mwongozo wote huu, hiki ndicho kitu ninachokithamini zaidi, na hakihitaji umeme wala fundi. Wazee wa pwani walipopika wali walikuwa wakipunguza makaa chini ya sufuria maji yakishakauka, na kupalia machache juu ya mfuniko, kwa kuwa walijua kwamba wali unaiva kwa joto lililokwisha kuingia ndani yake. Kapu la kuivishia linatumia ujuzi huohuo: chakula huchemshwa, kisha sufuria hutiwa ndani ya kapu lililojazwa kitu kinachozuia joto lisitoke, na huendelea kuiva chenyewe bila moto.

Unahitaji kapu la ukili lenye mdomo mpana, au ndoo pana, au hata boksi gumu, ili mradi sufuria yako ya kila siku ikiingia ibaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande na chini. Unahitaji pia kitu cha kujazia. Sufi ndiyo bora, na kama una mto mkuukuu wa sufi umekwisha pata. Mabaki ya nguo kutoka kwa fundi cherehani, ambayo mara nyingi hutupwa, yanafaa pia. Vivyo hivyo nyasi kavu zisizo na vumbi, au pumba za mpunga zilizofungwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Mwisho, unahitaji khanga mbili za zamani.

Tandaza khanga moja ndani ya kapu, ikining'inia nje ya mdomo pande zote. Weka sufi au vitambaa chini yake, kati ya khanga na kapu, mpaka kitako kiwe na unene wa kiganja ukikibonyeza. Simamisha sufuria tupu katikati, kisha jaza pembeni kuizunguka, ukishindilia kwa vidole kiasi cha kukifanya kijazio kikae bila kukibana sana, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya sufi wala si sufi yenyewe. Shona ukingo wa khanga kwenye mdomo wa kapu kwa sindano ya gunia. Toa sufuria, na utaona shimo lenye umbo lake limebaki pale kama kiota. Kwa khanga ya pili shona mto wa duara unaojaa mdomo wote wa kapu, uujaze kwa unene wa viganja viwili, kwa kuwa joto jingi hutorokea juu.

Matumizi yake yana kanuni ambazo hazipaswi kuvunjwa. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa kabla ya kuiva. Chakula kichemke kwa nguvu, kikiwa kimefunikwa, kabla ya kuondolewa motoni: wali dakika 5, na maharage yaliyolowekwa dakika 20. Kwa maharage muda huo haupunguzwi kamwe, hasa yale mekundu, kwa kuwa yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko kamili pekee, na joto la kapu peke yake halitoshi kuiharibu. Ukiipua, futa kitako cha sufuria kwa kitambaa kilicholowa na uhakikishe kwamba hakuna kaa hata moja lililonata. Cheche moja iliyoingia kwenye sufi inaweza kuunguza kapu zima, na pengine nyumba. Weka kipande cha boksi chini, ingiza sufuria, funika kwa mto, na usifunue kuchungulia. Kila kuchungulia kunatoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha.

Wali utakuwa tayari baada ya dakika 30 hadi 40, na haushiki chini. Maharage huchukua saa 2 hadi 3. Makande na nyama ngumu huenda yakahitaji kurudishwa motoni yachemke tena kwa dakika 10 katikati ya safari, kisha yarudi kapuni. Kwa kuwa hakuna mvuke unaopotea, maji yawe pungufu kwa robo ya kiasi ulichozoea, la sivyo wali utakuwa bokoboko. Usikiache chakula kapuni zaidi ya saa 4 wala usikilaze humo usiku kucha, kwani kikishapoa kikawa vuguvugu ndipo vijidudu huzaliana. Chemsha tena kabla ya kukila, na kwa maharage huo ndio wakati mzuri wa kutia tui na kitunguu.

Mara ya kwanza jaribu wali, usijaribu maharage. Wali hufundisha haraka, na ukikosea hasara ni ndogo.

Hatua ya nne: Punguza mkaa wenyewe pale uwezo unaporuhusu

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema, lakini mpangaji hana sababu ya kuhama siku moja kutoka mkaa wote kwenda gesi yote. Wanaojaribu hivyo mara nyingi hurudi kwenye mkaa siku mtungi unapokwisha katikati ya mwezi. Hamisha kwanza kazi fupi: chai ya asubuhi, uji wa mtoto, kupasha kiporo, kukaanga mayai. Kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya chai ya watu watatu ni kuchoma mkaa ambao nusu yake utateketea baada ya chai kwisha, na mtungi wa kilo 6 unaotumiwa kwa kazi hizo peke yake hudumu muda mrefu.

Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio na uangalie kama linatoa mapovu. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama sakafuni. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, fungua milango, funga mtungi na uutoe nje.

Kama nyumba ina mita yake ya LUKU, jiko la presha la umeme linastahili kufikiriwa, hasa kwa maharage, kwa sababu ndani yake joto hupanda hadi karibu nyuzi 120 na chakula huiva kwa muda mfupi sana. Kama mita ni ya wapangaji wote, zungumzeni kwanza kuhusu mgawanyo wa gharama. Ugomvi wa uniti umevunja ujirani mwingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Hatua ya tano: Maji yatumike mara mbili

Ziba kwanza yanayovuja. Bomba linalodondosha tone 1 kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 15 kwa siku, karibu ndoo nzima, na mara nyingi kinachotakiwa ni mpira mdogo wa ndani ya koki tu.

Kisha yape maji mpangilio. Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagilie mimea. Maji ya suuza ya mwisho wakati wa kufua yawekwe kwenye beseni yatumike kuloweka mzigo unaofuata, au kudekia, au kumwagia chooni. Maji yenye sabuni yasiende kwenye mboga za majani. Kwa kuoga, kopo na ndoo hutumia maji machache kuliko bomba la mvua, na mtu anayeoga ndoo moja hana la kujifunza hapo.

Mvua ndiyo watu wanayoiacha ipite bila sababu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la bati la mita 6 kwa 8 likinyeshewa milimita 10 linatoa lita 480, na hata ukiondoa moja ya tano inayorushwa na kuvuja unabaki na ndoo 19 za lita 20. Huhitaji kufunga mfereji: pipa lililowekwa kwenye kona ambako maji ya paa hujikusanya litakusanya mengi wakati wa masika. Yaache maji ya dakika za mwanzo yapite, kwa kuwa yanasafisha vumbi na vinyesi vya ndege. Yanayofuata ni ya kufulia, kudekia na kumwagilia, na hayafai kunywewa bila kuchujwa na kuchemshwa. Funika pipa kwa kitambaa kilichokazwa kwa mpira, kila siku bila kukosa. Mbu anayeeneza homa ya dengu, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hutaga mayai katika maji yaliyotuama kwenye vyombo vya majumbani.

Hatua ya sita: Maganda yabaki uani

Ukitazama daftari lako la wiki ya kwanza, utaona kwamba zaidi ya nusu ya taka ni maganda, majani na masalio ya chakula. Yakipelekwa dampo na kufukiwa chini ya taka nyingine, huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia kwa nguvu nyingi zaidi kuliko hewa ya ukaa. Yakibaki uani na kupata hewa, yanakuwa mboji.

Kama jirani anafuga mbuzi au kuku, mpe yeye kwanza; hakuna njia fupi kuliko hiyo. Kinachobaki kitie katika ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu chini na pembeni. Kwa kila fungu 1 la maganda mabichi tia mafungu 2 ya vitu vikavu, kama majani makavu, maranda ya mbao au maboksi yaliyochanwachanwa. Machicha ya nazi yanafaa yakiwa kidogo, pamoja na majani ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa. Mifupa, vichwa vya samaki na chakula chenye mafuta visiingie, kwani vitaita panya na wapangaji wenzako watakuwa na haki ya kulalamika. Majivu ya mkaa yawe kijiko kimoja kimoja tu.

Geuza kila wiki. Chukua mchanganyiko kiganjani, uubane: unatakiwa uwe na unyevu kama kitambaa kilichokwisha kamuliwa. Ukidondosha maji na kunuka, ongeza vikavu. Ukiwa vumbi, nyunyiza maji ya mchele. Baada ya miezi 2 hadi 3 utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua.

Changanya mboji hiyo na udongo, fungu 1 kwa mafungu 2, ujaze kiroba. Katikati ya kiroba panga kokoto kwa kutumia kopo lisilo na kitako: jaza kokoto ndani ya kopo, zungushia udongo, vuta kopo juu, jaza tena, mpaka ufike mdomoni. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni kwa umbali wa kiganja, upande mche mmoja katika kila tundu. Mchicha huanza kuvunwa ndani ya wiki 3 hadi 4. Mimi nashauri anayeanza apande matembele, kwa sababu hayahitaji mbegu, vipande vya mashina kutoka kwa jirani vinatosha, na kadiri unavyoyachuma ndivyo yanavyochipua.

Taka za plastiki zisichomwe uani. Moshi wake una sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto wanaocheza hapo. Chupa zitenganishwe ziwasubiri waokotaji, ambao hupita karibu kila mtaa.

Hatua ya saba: Kinachoingia ndani

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, baada ya Kenya kufanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017. Hata hivyo mifuko laini ya kufungia nyanya na dagaa bado inazunguka magengeni, na mnunuzi asiye na chombo hupewa huo. Tundika kapu la ukili nyuma ya mlango, mahali ambapo mkono unaligusa unapotoka. Ndani yake weka kopo moja lenye mfuniko kwa ajili ya samaki na chupa moja ya mafuta, kwa kuwa mafuta ya kupima kwenye chupa yako mwenyewe hayaachi takataka yoyote.

Kuhusu nguo, tazama namna khanga inavyotumiwa katika nyumba iliyolelewa vizuri. Huanza kama vazi la shughuli, kisha huwa ya kujifunga nyumbani, kisha mbeleko ya mtoto, kisha pazia au shuka la kujifunika mchana, kisha nepi, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, na sasa, ukifuata hatua ya tatu, bitana ya kapu. Vifaa vingine vipewe njia kama hiyo. Kabla ya kununua ndoo mpya, muulize anayeziba ndoo kwa moto. Kabla ya kununua viatu, mpelekee fundi viatu vya zamani. Nguo ya mtumba yenye zipu mbovu inahitaji fundi cherehani kwa dakika 10.

Hatua ya nane: Hesabu tena baada ya wiki 4

Rudia daftari kwa siku 7 nyingine, kwa kisado kilekile na ndoo ileile, na uandike takwimu mpya mkabala na zile za mwanzo. Linganisha siku za maharage na siku za maharage, wala usilinganishe wiki ya kawaida na wiki iliyokuwa na wageni au msiba.

Kama mkaa haujapungua, kosa huwa katika mojawapo ya sehemu tatu. Dirisha la jiko linaachwa wazi baada ya chakula kuchemka. Au maharage yanasahaulika kulowekwa. Au kapu linatumiwa na sufuria isiyojaa, chakula kinatoka kibichi na kurudishwa motoni kwa muda mrefu. Simama jikoni siku moja tangu mkaa unapowashwa hadi unapozimwa katika debe, bila kumfundisha mtu chochote, uangalie ni ipi kati ya hizo. Rekebisha hiyo moja, uache nyingine zote kama zilivyo, na uhesabu tena wiki inayofuata.